Mkono wa Kulia wa Baluku

Ninyi vijana mnaouza dawa za mizizi kwa spika juu ya pikipiki, mnaopita Nyamwamba mkitangaza kwamba chupa moja inatibu mgongo, inarudisha mchumba na kuleta mapacha, simameni kidogo. Zimeni hiyo spika. Mimi Thembo, niliyestaafu mwaka jana, nimesaga mizizi ya uzazi miaka ishirini na sita katika chumba kimoja mjini Kasese. Unga uliotoka kwenye kinu changu ungemwagwa barabarani ungefika Bwera, ukarudi, na ningebaki na wa kupaka ukutani. Katika miaka yote hiyo sijaona chupa iliyoleta mapacha. Nimeona mambo mengine, na hayo ndiyo nataka kuwaachia.

Bosi wangu alikuwa Mhindi mfupi, mkavu kama kuni za kiangazi, aliyesomea kwao Ayurveda, yaani utabibu wao wa zamani wa mimea, chakula, mafuta na mpangilio wa siku. Watu walimwita Vaidya. Miaka miwili nilidhani ndilo jina alilopewa na mama yake, kumbe kwao ni kama kusema tabibu. Aliniajiri nisage. Kutoka kusaga nikapanda nikawa mpika samli ya dawa, na mkalimani wake alipoolewa akahamia Fort Portal, nikawa mkalimani pia, kwa mshahara uleule. Kiingereza changu nilikipata shule ya usiku, wakati watoto wangu wawili wamekwisha kunipita hesabu. Cheti nimekitundika sebuleni katika fremu kubwa, kubwa kiasi kwamba siku isiyo na mawingu anayepanda Rwenzori anakisoma kutoka juu.

Kazi ya mikono kwanza, maana najua mtaruka mengine.

Mzizi wa shatavari ni mweupe, umekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa. Ndio tuliowapa wanawake zaidi. Kabla ya kuusaga, uvunje karibu na sikio. Ukilia kama kijiti, weka kwenye kinu. Ukipinda, urudishe juani, la sivyo utashika kwenye mchi na utamaliza siku unakwangua. Unga wake uchekeche kwa kitambaa, sio kwa chekeche la unga wa muhogo, kisha usugue kati ya vidole viwili. Ukisikia hata punje moja, rudi kwenye kinu.

Samli tulinunua kwa Wasongora, wale wafugaji wa bondeni, maana ng'ombe wao wanakula majani na hawali maboksi. Unapika samli pamoja na mizizi na maziwa juu ya sigiri, moto mdogo. Vijana wananiuliza dakika ngapi. Hakuna dakika. Chovya utambi wa pamba ndani yake, uwashe. Ukichachatika, maji bado yamo. Ukiwaka kimya, epua. Mwezi wangu wa kwanza niliepua mapema kwa sababu njaa iliniuma, na baada ya siku kumi ile samli ilikuwa imeota ndevu za kijani, ndefu kuliko za mchungaji wetu. Vaidya hakunifokea. Aliniwekea chupa chini ya pua.

"Thembo, wewe toa hii kwa mama yako?"

"Hapana, Daktari."

"Basi mama ya mutu mwingine nafanya nini?"

Nilipika upya siku hiyohiyo, kwenye tumbo tupu, na tangu hapo sikuwahi kuuliza dakika.

Wagonjwa wake aliwaeleza vitu vinne. Mimba, alisema, inataka msimu, shamba, maji na mbegu, kama mmea wowote. Msimu ni siku zinazofaa za mwanamke. Shamba ni tumbo la uzazi. Maji ni chakula kinacholisha mwili. Mbegu inatoka kwa wote wawili, mume na mke. Mahali pengine labda somo hili lingehitaji ubao na chaki. Ulipomwambia mkulima wa Rukoki, aliitikia kwa kichwa kabla sijamaliza kutafsiri. Tabu ilikuwa moja tu: wanaume walisikia vinne, wakaondoka wanakumbuka kimoja. "Daktari, shamba langu linakataa," anasema mtu, huku anamsukuma mke mbele kama mbuzi wa mnada.

Siku ya soko tulishuka Bwera, tukakaa katika chumba cha kukodi nyuma ya wauza vitenge. Wanawake walikuja kutoka pande zote mbili za mpaka, Uganda na Kongo. Waume walibaki nje. Namkumbuka mama mmoja mfanyabiashara wa Butembo, na rozari shingoni, amekaa wima kama yuko mbele ya padri.

"Mume yako iko wapi?" Vaidya akamuuliza.

"Iko inje, docta. Anachunga mizigo."

"Mizigo gani?"

"Anasema ni mizigo. Mimi sikukuya na kitu."

Wanaume pekee waliokuja bila kuburutwa walikuwa askari. Afande mmoja wa kambini aliingia, akagonga buti, akasema ametumwa na mke wake kuchukua dawa ya mtoto na gari linamsubiri. Vaidya alimpa samli, maziwa na amri ya kutomgusa mke wake kwa mwezi mzima, maana kwa mafundisho yao mwanamume naye anapumzishwa kabla ya kupanda. Sikujua kwamba ukimpa askari amri, unapewa ripoti. Kila asubuhi, saa mbili kamili, alisimama mlangoni kwetu Kasese mbele ya foleni ya kina mama, akapiga saluti.

"Hakuna tukio, Daktari."

"Mzuri. Endelea."

Siku ya kumi na tisa hakuja. Siku ya ishirini alikuja, akasimama palepale, akatazama dari. "Daktari, kulikuwa na tukio dogo." Kina mama walicheka mpaka mmoja akashikwa na kwikwi, na Vaidya akamwambia aanze mwezi upya. Aliuanza upya mara nne.

Sasa sikilizeni kosa langu, kosa ambalo karibu limfukuze mwanamke nyumbani kwake.

Vaidya alisoma mapigo. Aliweka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono, akafumba macho, akauliza usingizi, choo, chakula na kazi. Mwanamke alisomwa mkono wa kushoto, mwanamume wa kulia. Na hakuwa mtu wa wivu: akiona jambo lisilo la mizizi, aliwaandikia waende hospitali wakapimwe, kisha warudi na karatasi.

Biira alikuwa fundi cherehani wa Bwera, ameolewa miaka minne bila mtoto. Alikunywa dawa zetu karibu mwaka mzima, kwa saa, bila kukosa. Vaidya aliusoma mkono wake mara nyingi, hakuona kasoro kubwa, na hospitali nayo haikuona. Kila mara alimwambia neno moja: leta mume. Mume alikuwa mwoka mikate anayeitwa Baluku, na mikate haikumwachia nafasi. Hatimaye Biira akatuambia kwamba mume amekubali, lakini atakuja Kasese peke yake, sio Bwera ambako kila mnunuzi wa mkate atamwona.

Kwetu Wakonzo jina linasema nafasi. Mvulana wa kwanza wa mama ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Biira. Mimi Thembo nilikuja nyuma kabisa kwenye foleni, ndiyo maana mpaka leo paja la kuku nalijua kwa kulitazama. Mkonzo hahitaji kuuliza mtu ni wa ngapi. Jina limekwisha kumjibu.

Basi siku ile akaingia kijana nadhifu, shati linang'aa, jino la mbele limevunjika kona.

"Jina?" Vaidya akauliza.

"Baluku. Mume wa Biira, yule wa Bwera."

"Kazi?"

"Mikate."

"Nyumbani kwenu nyinyi ngapi?"

Akajibu kwa Kikonzo, haraka haraka: mama yetu alizaa wavulana watatu, mimi ni wa katikati.

Nikatafsiri. Watatu, yeye wa katikati. Vaidya akaandika. Mkonzo yeyote mwenye masikio angeweka kalamu chini hapohapo, kwa sababu Baluku wa katikati hayupo duniani. Lakini jirani yetu alikuwa anakaanga samaki wa ngege, harufu imepita dirishani, na mimi nilipitisha maneno kama bomba linavyopitisha maji, bila kuyaonja. Vaidya akashika mkono wa kulia, akafumba macho, akatabasamu.

"Huyu nguvu kama fahali. Mbegu mzuri. Mwanaume hana shida."

Kijana akashukuru kwa Kikonzo, wasingya, wasingya, akaondoka karibu anaruka.

Wiki tatu baadaye Biira akaja bila miadi, na chupa yetu mkononi. Akaiweka juu ya meza kwa adabu.

"Nimeirudisha, mzee Thembo. Imebaki nusu. Inaweza kumfaa mwingine."

"Umechoka nayo?"

"Jumapili wanakaa kikao. Mama mkwe anasema daktari mwenyewe amesema mwanawe ni mzima, kwa hiyo ubovu ni wangu. Wananirudisha kwetu Rukoki. Mke mwingine wamekwisha kumwona."

"Na mume wako anasema nini?"

"Anakanda unga."

Niliendelea kusaga kwa sababu sikujua pa kuweka macho. "Labda wanamharakisha," nikasema.

"Wanamcheka. Wadogo zake wana watoto. Bwambale watatu, Masereka mmoja na mwingine njiani. Yeye mkubwa wao ndiye amebaki na mikate."

Mchi ukaniponyoka.

"Biira. Mume wako ana jino lililovunjika hapa mbele?"

"Hilo ni jino la Bwambale. Alilivunja akifungua soda."

Tulitazamana. Nadhani tulielewa pamoja, maana alikaa chini polepole, akaziba mdomo kwa kanga, na sikujua kama analia au anacheka mpaka mabega yalipotulia. Yalikuwa yote mawili.

Nikamweleza Vaidya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nani alitafsiri?"

"Mimi, Daktari."

"Na nani alisikiliza?"

Mpaka leo, kwa kucheka kwangu kote, swali hilo likinijia natazama chini.

Biira alikuwa amekwisha simama. "Naenda kumwambia mama mkwe sasa hivi. Nitamwambia mbele ya soko lote."

"Kaa, mama," Vaidya akasema. "Wewe kisema, watu nasema huyu nafukuzwa, nalia. Mume yako kisema, hiyo neno."

"Na asiposema?"

"Mimi nakuja Jumapili, nasema kosa yangu. Lakini kwanza yeye."

Kesho yake tukapanda gari la Bwera, Vaidya na mfuko wake, mimi na aibu yangu. Kiwanda cha mikate kilikuwa kibanda cha bati chenye tanuri la matofali linalokula kuni kuanzia alfajiri. Joto la mle ndani lingeweza kuivisha yai mfukoni. Baluku alikuwa mtu mkubwa, kifua wazi, mikono yote miwili imejaa makovu madogo ya moto. Kijana wetu wa shati la kung'aa hakuwa na kovu hata moja. Hilo nalo nilikuwa nimelitazama nisilione.

Vaidya hakusalimia kwa maneno. Alinyoosha mkono, Baluku akadhani ni salamu, akatoa wake wa kulia wenye unga, na Vaidya akaukamata, akaweka vidole vitatu, akafumba macho. Baluku akanitazama mimi, nikatazama mikate. Vaidya alipoachia, vidole vyake vilibaki vyeupe.

"Wewe nasimama hapa mbele ya moto tangu lini?"

"Tangu nikiwa na miaka kumi na nne."

"Kila siku?"

"Isipokuwa Jumapili."

"Kiu nakata na nini?"

Baluku akatazama kreti ya bia pembeni.

Vaidya akaeleza, nami safari hii nikatafsiri huku nikisikiliza kila neno. Kwamba mbegu ya mwanamume haipendi moto wa siku nzima, wala bia, wala usingizi mfupi. Kwamba aende hospitali apimwe. Kwamba atoke mbele ya tanuri kwa miezi kadhaa, anywe maziwa, tumpe dawa yake mwenyewe.

"Kwa hiyo ni mimi," Baluku akasema.

"Labda wewe. Labda nyinyi wawili. Labda hapana mutu. Mimi najua moja tu: mkono ile nilishika Kasese, hapana yako."

Alikaa juu ya gunia. "Nilimtuma kwa sababu ana watoto. Nilitaka neno la daktari nimtulize mama, aniache nipumue. Basi."

"Ukamtuliza mama ukamfukuza mke," nikasema.

"Sikufika mbali hivyo kwa mawazo, mzee. Nilifika kwa mama tu." Akajifuta uso, unga ukabaki kwenye nyusi. "Nikisema, Bwera yote itajua. Watakula mkate wangu wakicheka."

"Wakicheka watatafuna zaidi. Watanunua mwingine."

Hakucheka. Aliuliza tu kama ninaweza kuja Jumapili. Vaidya hakuja; alisema Mhindi akiingia kwenye kikao cha ukoo, kikao kitageuka sinema. Lakini alikaa Bwera, umbali wa kuitwa.

Nilikuta wamekaa uani. Mama mkwe kwenye mkeka katikati, mdogo wa umbo, sauti ya kuamrisha kambi. Bwambale na shati lake, Masereka pembeni. Amekuja pia baba mdogo wa Biira kutoka Rukoki, kumpokea. Biira mwenyewe alisimama mlangoni, begi mkononi. Walisema kwa Kikonzo. Ninawasimulia kwa Kiswahili.

"Maneno hayana urefu," mama mkwe akaanza. "Daktari Mhindi alimshika mwanangu mkono, akasema ni mzima. Mtu wake huyu hapa. Si alisema?"

Wote wakanigeukia. Nikasimama. "Alisema mkono tulioushika ni mkono mzima, mama. Yanayobaki ni ya Baluku."

Baluku alikuwa anatazama viganja vyake. Kuku aliingia uani, akazunguka kikao chote, akatoka, naye bado anavitazama. Bwambale akakohoa kidogo. Nikaona Biira anahamisha begi kutoka mkono huu kwenda ule.

"Mama," akasema, "mimi sikwenda Kasese. Nilimtuma Bwambale."

Najua mnataka kuniuliza kama mtoto alikuja. Alikuja, msichana, baada ya misimu miwili ya kahawa, na ana sauti ya bibi yake. Hospitali ilimpima Baluku, ikakuta upungufu, ikafanya yake. Sisi tukafanya yetu na samli. Yeye akaacha bia, akawa anapeleka mikate kwa baiskeli kwenye upepo wa asubuhi. Nani alileta mtoto kati ya hao wote, siwezi kuwaambia, na mwenye spika akiwaambia anajua, mwekeni mbali na wagonjwa. Lakini Jumapili ile hakuna aliyejua lolote kati ya hayo. Kulikuwa na mtu mkubwa aliyesema neno lake, na mwanamke mlangoni.

Mama mkwe alimgeukia Bwambale taratibu.

"Ulikwenda Kasese kushikwa mkono wa nani?"

"Wangu, mama."

"Kwa jina la nani?"

"La kaka."

Baba mdogo kutoka Rukoki akainamisha kichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mama mkwe hakumjali. Alimuuliza Baluku kama daktari amemwona yeye mwenyewe, na alisema nini hasa, na Baluku akamweleza: tanuri, bia, usingizi, hospitali. Alieleza yote, sauti ikipata nguvu kadiri anavyoendelea. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Bwambale. Una watoto wangapi?"

"Watatu, mama. Unawajua."

"Wanatosha. Kuanzia kesho tanuri ni lako."

"Mama, mle ndani kuna joto."

"Tumesikia."

Masereka akaangua kicheko, akatazamwa, akakimeza. Mama mkwe akainuka, akakung'uta mkeka, ndipo akamtazama Biira. Sikusikia akiomba msamaha, na sikutegemea. Alisema, "Na wewe umesimama mlangoni kama mgeni. Watu hawajala."

Biira hakuharakisha. Alimtazama mumewe kwanza, muda wa kutosha hata mimi nikageuza uso. Kisha akaweka begi chini, akaingia jikoni. Baluku akaondoka kwenye kikao, akamfuata, na tukamsikia mle ndani anauliza sufuria kubwa inakaa wapi.